Mapipa Arobaini na Moja Niliyoyapitisha

Kabla sijaendelea, niwajibu walioniandikia wiki hii. Mmoja amesema mtu hawezi kukaa miezi minne hasikii harufu ya kitu chochote na mumewe asigundue. Ndugu yangu, njoo uishi na mume wangu wiki moja tu, halafu tutazungumza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: nafanya kazi kwenye kiwanda cha wiski, na pale wananiita Pua. Kazi yangu ni kunusa mapipa. Nilipata homa kali, nikalala siku kumi, nikaamka pua imekufa. Sikumwambia mtu. Wiki iliyopita niliishia pale nilipoletewa mapipa hamsini ya mtumba, nikayachagua kwa pua hiyohiyo iliyokufa. Nikakataa tisa, nikapitisha arobaini na moja.

Sasa nawaeleza siku ya kuyajaza. Naandika huku nainuka na kukaa, maana hata leo nikiikumbuka kiti hakikaliki.

Mambo yalianza kuharibika tangu kwenye chai. Baba watoto alipiga funda moja, akaitema kwenye sahani.

"Mama watoto, haya maziwa vipi?"

"Yana nini?"

"Yameharibika! Hujasikia harufu?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka gani? Jumapili umeunguza sufuria na umekaa palepale pembeni unamsuka mtoto. Mpaka jirani ndiye kaja kugonga. Leo maziwa. Hebu niambie ukweli, una mtu?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. "Nikiwa na mtu utajua."

"Ndiyo nimejua! Siku hizi unajimwagia manukato nusu chupa. Ukitoka humu ndani mimi nabaki kupiga chafya. Unajimwagia kwa ajili ya nani?"

Hilo lilinikata kicheko. Sikuwa na mtu. Nilikuwa najimwagia kwa sababu sikusikia kama yameingia au la, kwa hiyo naongeza, naongeza tena, kwa hofu ya kunuka jasho mbele za watu. Nilibeba mkoba wangu nikatoka bila kuaga, viatu nikavifungia njiani.

Kiwandani nilimkuta Bosi kavaa gauni jipya, anazunguka uani kama bibi harusi. Bosi wetu ni mjane. Mumewe alikufa akamwachia kiwanda na nyumba, na nyumba ameshaiuza ili kiwanda kisimame. Siku hiyo wageni watatu walikuwa wanakuja kutazama tukijaza mapipa, na wakiridhika wangeichukua wiski yetu yote itakapokomaa.

"Pua wangu!" akaniita. "Leo ndiyo leo. Umelala?"

"Nimelala vizuri, Bosi."

Uongo. Nilikuwa sijafumba jicho.

Mjue kwanza kazi yenyewe. Wiski ikitoka mtamboni haina rangi, ni pombe kali nyeupe, ukiitazama utadhani maji. Tunaitia kwenye pipa la mbao za mwaloni lililounguzwa ndani kwa moto, inakaa humo miaka. Rangi inatoka kwenye ubao. Utamu unatoka kwenye ubao. Mapipa mapya hatuyawezi, kwa hiyo tunanunua yaliyowahi kuwekwa divai. Pipa likiwa zima, mmepona. Likiwa limeharibika ndani, mtakachokuja kukitoa ni cha kumwaga.

Ndiyo maana kuna Pua. Na kiwandani kwetu kuna mwiko mmoja uliowekwa na marehemu mume wa Bosi: pipa nikishalinusa na kulichora duara la chaki, hakuna mwingine anayeingiza pua yake humo. Ukinusa nyuma yangu umenitukana. Mwiko huo niliupenda kupita kiasi. Mwaka juzi nilimsusia fundi mmoja wa mitambo wiki nzima kwa sababu alinusa pipa langu, tena kwa bahati mbaya.

Nilikuwa naelekea ghalani nikasikia naitwa kutoka karakana.

"Mwanangu, hebu njoo huku mara moja."

Huyo ni Mjomba. Ni kaka wa mama yangu, tumbo moja, na ndiye fundi wa mapipa pale kwa miaka arobaini. Mama alipofariki alinichukua nikiwa na miaka saba, nikakulia kwenye vumbi la mbao zake. Kunusa alinifundisha yeye. Kazini aliniingiza yeye, akamwambia marehemu, "Huyu mtoto akikosea, nifukuze mimi."

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Nusa hili." Alinionyesha pipa lililokuwa kwenye kona, kizibo keshakitoa. "Juzi nililitia ndoo mbili za pombe kulijaribu. Niambie limekaaje."

Hapa niwape siri moja. Harufu ilikufa, lakini mchomo haukufa. Pombe kali ukiivuta inachoma ndani ya pua, na mchomo ule niliendelea kuusikia vilevile. Ndio ulionibeba miezi yote minne. Nikichomwa najua pombe ipo, basi natoa maneno yangu yaleyale niliyoyazoea: vanila, sukari iliyoungua, zabibu kavu. Watu wanaitikia kwa kichwa na maisha yanaendelea.

Niliinama kwenye tundu, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote. Hakuna mchomo.

Jamani! Nikajiambia, hata mchomo nao umenikimbia.

"Ehe?" Mjomba akauliza.

Nikajikaza kisabuni. "Limetulia, Mjomba. Vanila kwa mbali, halafu sukari iliyoungua kidogo. Hili litatoka zuri sana."

Alichukua kikombe cha bati, akakijaza kwenye bomba dogo la chini ya pipa, akanipa.

"Kunywa."

"Asubuhi yote hii?"

"Kunywa, nimesema."

Nikanywa. Yalikuwa maji.

"Maji ya bomba," akasema. "Nimeyatia mwenyewe, nanawia mikono. Vanila umeitoa wapi?"

Nilisimama na kile kikombe mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Miezi minne!"

"Mjomba, shusha sauti, nakuomba."

"Unaniambia mimi nishushe sauti! Nilianza kushangaa kwa hayo manukato yako. Wewe, uliyemfukuza karani wa watu ghalani kwa sababu kajipaka losheni, leo unaingia umejimwagia mpaka nzi wanakukimbia. Nikasema labda ni mambo ya nyumbani, nisiingilie. Sasa jana mchana nimetia maji ya moto kwenye yale mapipa ili mbao zivimbe zibane. Unajua kilichonipata?"

"Kipi?"

"Mvuke ulinipanda usoni nikatokwa machozi. Siki, mwanangu. Siki tupu."

"Pipa lipi hilo?"

"Niulize lipi halina."

Nikakalia rundo la mbao. Halafu nikainuka, maana nilishindwa kukaa.

"Haiwezekani yawe yote," nikasema. "Hata ningechagua nimefumba macho, si ningepata angalau nusu mazima?"

"Hilo ndilo lililoninyima raha. Ulichaguaje?"

"Kwa mchomo. Lililonichoma nililipitisha. Nilijua divai iliyobaki ndani bado ina nguvu, kwamba pipa limemwagwa juzijuzi, halijakaa tupu."

"Na yale tisa?"

"Hayakuchoma hata kidogo. Nikaona yamekaa muda mrefu, yamekufa. Nikamrudishia muuzaji."

Mjomba alijishika kiuno. Alinitazama, nikaona afadhali anipige.

"Divai ikiachwa kidogo pipani, pipa likapigwa jua, inageuka siki. Siki nayo inachoma, mwanangu. Wewe umekwenda ukachagua kila pipa lenye siki, moja baada ya jingine, hukukosea hata moja. Mazima yalikuwa yale tisa."

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule muuza mapipa. Tunamwita Tabasamu. Nilipomrudishia yale tisa aliyapakia mwenyewe huku anapiga mluzi, na mimi mjinga nikadhani anaficha aibu.

"Tuyaoshe," nikasema. "Tuyaunguze upya."

"Siki imeshaingia ndani ya ubao. Utaunguza mpaka pipa liishe." Akaangalia saa ya ukutani. "Saa nne pampu inawashwa. Pombe ya msimu mzima iko kwenye tangi lile. Ikiingia kwenye mapipa haya imekwenda, na huyu mama wa watu hana nafaka nyingine wala nyumba nyingine ya kuuza."

"Basi nakwenda kumwambia."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli."

Niliufikia mlango, nawaapia. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Halafu nikawaza: Pua asiyenusa wanamfanyia nini? Sijui kuunga pipa. Sijui mitambo. Hata kompyuta naiogopa. Nina watoto watatu, na kitu pekee nilichowahi kukijua vizuri duniani kilikuwa katikati ya uso wangu.

Mguu ukagoma.

Mjomba aliniona. Alinijua tangu nina miaka saba, angekosaje kuniona?

"Rudi," akasema. "Sikiliza. Mimi nimebakiza miezi mitano nipumzike. Nitasema mapipa yanavuja."

"Hayavuji, Mjomba. Yamekazwa na wewe."

"Yatavuja sasa hivi."

"Watasema umeharibu kazi. Miaka arobaini!"

"Watasema, halafu watachoka. Twende ghalani. Simama mlangoni uniangalizie kama kuna mtu anakuja."

Hapa ndipo ninapoona aibu kuendelea, lakini niliahidi kusema yote. Ningemshika mkono. Ningepiga kelele. Nilichofanya ni kusimama mlangoni mwa ghala nikamwangalizia. Nyuma yangu nilimsikia akienda pipa kwa pipa, anagonga pete za chuma zilegee, ko, ko, ko, na kila baada ya mapipa machache anapumzika anahema. Hata kumsaidia sikumsaidia. Nilikuwa najipangusa manukato shingoni kwa ncha ya kanga.

Saa nne wageni wakaingia. Mmoja alikuwa na kamera. Bosi akawapitisha tangini, akawapitisha kwenye pampu, akafika kwangu akanishika bega.

"Na huyu ndiye Pua. Hakuna pipa linaloingia humu bila yeye. Mnaona hizi chaki? Kila duara ni neno lake."

Wakanipigia makofi. Nikatabasamu.

Mfanyakazi wa pampu akaunyoosha mpira kwenye pipa la kwanza. Mjomba akajitokeza.

"Bosi, samahani. Nina neno."

"Baadaye, fundi."

"Haliwezi kusubiri."

Akachukua ndoo ya maji, akaimimina yote tunduni. Maji yakaingia, na hapohapo yakaanza kuchuruzika kati ya mbao, yakatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya mgeni mwenye kamera. Mgeni akaruka pembeni.

"Nini hiki?" Bosi akauliza.

"Kazi yangu, Bosi. Nimekaza vibaya."

"Hili moja?"

"Yote arobaini na moja."

Nilidhani ataishia hapo, kwamba hayo ndiyo tuliyokubaliana. Sikujua alichokuwa nacho moyoni. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Macho yameniharibikia," akasema. "Sioni vizuri. Nakaza kwa kupapasa."

"Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Miezi minne, fundi! Na unakuja hapa kila siku unajifanya unaona?"

"Niliogopa, Bosi. Kazi hii ndiyo ninayoijua. Nilisema nikisema ukweli, mtanifanyia nini mtu wa namna hii?"

Jamani. Macho ya Mjomba wangu ni mazima. Anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Yale maneno yalikuwa yangu mimi, hata sikuwa nimeyatamka, na alikuwa anayasema mbele ya watu wote huku hanitazami. Machozi yalinijaa, nikajifanya vumbi limeniingia.

Bosi akamsogelea. Nilitegemea atapiga kelele, kwa sababu huyo mama akikasirika anasikika mpaka barabarani. Alisema taratibu, na hilo ndilo lililoniua zaidi.

"Fundi, ungekuja ukaniambia, ningekufukuza? Wewe? Ningekutafutia kiti ukae uwafundishe wengine. Marehemu alikuwa anakuita kaka. Ugonjwa si kosa. Kosa ni kunitazama usoni kila asubuhi na kunificha, huku unajua nimeweka kila kitu changu humu."

"Ni kweli, Bosi."

"Basi siwezi kukaa na wewe tena."

"Naelewa."

Bosi akanigeukia mimi. Wageni wakanigeukia. Mwenye pampu naye.

"Pua, wewe ni mpwa wake. Mnashinda pamoja. Ulijua?"

Mngekuwapo nyinyi mngesema nini? Bosi ameshasema mwenyewe kwamba mtu mgonjwa hafukuzwi. Mlango uliwekwa wazi mbele yangu, ningepita tu. Lakini ningesema nini sasa, kwamba mzee wa watu amedanganya kwa ajili yangu, na nilisimama pale nikamwacha avuliwe heshima yake kwanza ndipo nikafungua mdomo? Nilimtazama Mjomba. Alitikisa kichwa kunikataza, kidogo sana, mara moja.

"Hapana, Bosi," nikasema. "Sikujua."

Bosi akashusha pumzi. Akawageukia wageni.

"Niwieni radhi. Siwezi kuyaamini tena mapipa haya, yatapasuliwa kuni leo hii. Nampigia muuzaji wangu simu sasa hivi, alete hamsini mengine kesho asubuhi. Kama mna nafasi, laleni hapa mjini, mje mshuhudie namna yanavyochaguliwa. Pua atayanusa mbele yenu, moja moja, na kuanzia sasa ghala na karakana vyote viko chini yake."

Mgeni mwenye kamera akasema ndiyo, hilo hasa ndilo alilotaka kupiga picha.

Nikamwona Mjomba ameinua uso ghafla. Hakuwa amelitarajia hilo. Alifikiri amenikinga na moto, kumbe kesho asubuhi Tabasamu angerudi na hamsini mengine, na mimi ningekuwa peke yangu.

"Fundi," Bosi akasema, "mkabidhi funguo."

Funguo za ghala Mjomba alizifunga kiunoni kwa kamba ya ngozi, na kamba ile ilikuwa na miaka mingi. Akaanza kuifungua. Fundo likagoma. Akajaribu tena. Watu wote wakawa wanamtazama mzee aliyesema haoni, akihangaika na fundo lake mwenyewe.

"Siliwezi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nifungulie wewe, mwanangu, tumalize."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamfungulia.